Je, Wajua? Kwaya Inapoazima Dua ya Jirani

Je, wajua kwamba muziki wa kwanza wa mchezo wa kompyuta kupata tuzo ya Grammy ni sala, tena sala ya Kiswahili? Ni "Baba Yetu", uliotungwa na Mmarekani Christopher Tin kwa ajili ya mchezo wa Civilization IV uliotoka mwaka 2005. Maneno yake ni Sala ya Bwana, ileile inayosaliwa kila Jumapili kutoka Bukoba mpaka Lamu, yakarekebishwa kidogo na Mkenya Chris Kiagiri ili yakae kwenye mapigo. Waliouimba kwanza ni wanafunzi wa kikundi cha Talisman cha Chuo Kikuu cha Stanford. Waliouimba kwenye albamu ni Soweto Gospel Choir ya Afrika Kusini. Tuzo ilitolewa Februari 2011. Tangu hapo kwaya nyingi za shule na vyuo ng'ambo, ambazo waimbaji wake hawana Kiswahili hata cha kuombea maji, hujifunza silabi zetu moja baada ya nyingine mpaka zikae mdomoni.

Na sala hiyo ni mlango tu wa nyumba kubwa. Albamu yenyewe, Calling All Dawns ya mwaka 2009, ina nyimbo 12 kwa lugha 12. Humo mna maneno ya Tao Te Ching kwa Kichina, Bhagavad Gita kwa Kisanskriti, sala ya Wakatoliki ya kuwaombea marehemu kwa Kilatini, mashairi ya Omar Khayyam kwa Kiajemi, halafu Kiebrania, Kipolandi, Kimaori na nyinginezo. Nyimbo zinashikana bila kukatika, mchana ukaingia usiku, usiku ukaingia alfajiri.

Si kila mtunzi anaziacha dua ziseme lugha zao. Philip Glass, Mmarekani mwenzake, alifanya kinyume kabisa. Simfoni yake ya Tano, iliyoimbwa mara ya kwanza kwenye tamasha la Salzburg, Austria, Agosti 1999, imechukua maneno kutoka Biblia, Kurani, Rig Veda ya Wahindu, Popol Vuh ya Wamaya, Kumulipo ya watu wa Hawaii, na maandiko ya Kibudha. Yote kayaweka kwa Kiingereza. Kazi ina sehemu 12, waimbaji binafsi watano, kwaya ya watu wazima na kwaya ya watoto, na inasimulia safari nzima ya kiumbe: kabla ya kuumbwa ulimwengu, kuumbwa, upendo, uovu, kifo, hukumu na pepo. Hoja ya kutumia lugha moja inaeleweka. Msikilizaji anafuata kisa tangu mwanzo hadi mwisho bila kuuliza hapa tupo kwa nani.

Mimi, hata hivyo, nipo upande wa Tin. Dua ya mtu mwingine ni kitu cha kuazima. Unabisha hodi, unaomba, unapewa, unatumia kwa uangalifu, na siku ya kurudisha kinarudi kama kilivyotoka. Ukishaiyeyusha katika lugha yako na mahadhi yako, mwenyewe akiisikia hataitambua. Basi kila kazi nitakayoitaja humu naipima kwa kipimo hicho, na zipo zinazofaulu vizuri mno.

Mojawapo ni The Armed Man ya Karl Jenkins, mtunzi wa Wales aliyezaliwa mwaka 1944. Je, wajua kwamba misa hii ya kuombea amani iliagizwa na makumbusho ya silaha? Ndiyo, Royal Armouries ya Uingereza, wenye mapanga, mikuki na bunduki za karne nyingi, ndio walioiagiza kwa ajili ya kuingia milenia mpya. Guy Wilson, aliyekuwa mkuu wa makumbusho hayo, ndiye aliyekusanya maneno. Kazi ilitolewa kwa heshima ya wahanga wa vita vya Kosovo, ikaimbwa mara ya kwanza Royal Albert Hall, London, tarehe 25 Aprili 2000.

Sehemu ni 13. Inafungua kwa ngoma na vishindo vya miguu ya askari, juu yake wimbo wa Kifaransa wa karne ya 15 unaowaonya watu wamwogope mwenye silaha. Kelele zinapanda, zinapanda, kisha zinakatika. Okestra nzima inanyamaza. Hakuna fidla, hakuna kinanda, hakuna mtu wa kumsindikiza, na mwadhini anaadhini kwa Kiarabu, adhana kamili, peke yake, mbele ya kwaya ya watu mia iliyosimama kimya. Akishamaliza ndipo soprano wanaanza Kyrie, ombi la huruma la Wakristo, na katikati yake Jenkins anaingiza uimbaji wa mtindo wa mtunzi Palestrina wa karne ya 16.

Hapo kuna jambo la ufundi ambalo walimu wa kwaya watalipenda. Mahadhi ya Kiarabu yana sauti zinazoangukia katikati ya vibonye vya piano, mahali ambapo solfa haina herufi. Ukimwekea mwadhini kodi ya okestra, yaani sauti kadhaa zinazolia pamoja, chini yake, moja kati ya mawili: ama yeye avute sauti yake ifuate piano, na hapo adhana imeharibika, ama wagongane. Jenkins aliiacha isimame kwa miguu yake, na alifanya jambo la maana sana.

Ndani ya misa hiyohiyo mna pia Zaburi, kipande cha Mahabharata kinachosimulia wanyama wakiteketea motoni, na shairi la Mjapani Sankichi Toge, aliyenusurika bomu la Hiroshima na kufariki mwaka 1953. Rekodi yake ya kwanza iliingia madukani tarehe 10 Septemba 2001. Kesho yake majengo ya New York yalianguka, na adhana iliyokaa ndani ya misa ikawa inasikilizwa kwa masikio mengine kabisa.

Je, wajua kwamba zipo kwaya zinazoiimba kazi hii na kuiruka adhana? Sababu hazifanani. Wengine hawamtaki mwadhini ndani ya kanisa lao. Hao sina la kuwaambia. Wengine wanaiacha kwa heshima, kwa kuwa kwa Waislamu wengi adhana si wimbo bali ni wito wa ibada, wenye wakati wake na masharti yake, na haifai kufanywa kipande cha burudani. Hoja hiyo ni nzito na haistahili kupuuzwa. Zipo pia kwaya zinazokwenda msikiti wa mtaani, zikakaa na imamu, zikaeleza kazi ni ya nini, na kumwomba mwadhini wa hapo aje mwenyewe. Hii ndiyo njia ninayoiona ina adabu kuliko zote. Na imamu akisema hapana, basi ni hapana.

Haraka haraka sasa.

Je, wajua kwamba Gustav Holst, yule Mwingereza wa The Planets, alijifunza Kisanskriti ili atafsiri mwenyewe tenzi za Rig Veda? Nyimbo zake za kwaya kutokana na tenzi hizo alizitunga kati ya mwaka 1908 na 1912, kabla hata ya Vita Kuu ya Kwanza.

Je, wajua kwamba sutra ya Kibudha imeimbwa kwa Kiesperanto, na mitungi ya oksijeni ikawa ala? Kazi inaitwa La Koro Sutro, ya Mmarekani Lou Harrison, ya mwaka 1972. Mwenzake William Colvig alimtengenezea seti ya ala mfano wa gamelani ya Java, kwa mabomba ya alumini, mapipa ya takataka na mitungi ya oksijeni iliyokatwa, inayogongwa kwa rungu. Usicheke kabla hujaisikia. Mlio wake ni mtamu na unatulia polepole, kama unavyotakiwa kutulia moyo wa anayesoma sutra hiyo.

Je, wajua kwamba kanisa kuu la Kianglikana la Chichester, Uingereza, liliagiza zaburi likaletewa za Kiebrania? Mtunzi alikuwa Leonard Bernstein, Myahudi wa Marekani, na mwaka ni 1965. Masharti yake yalikuwa wazi: ziimbwe kwa Kiebrania, si kwa tafsiri. Katikati mvulana anaimba Zaburi ya 23 kwa sauti nyororo, mara wanaume wanamvamia kwa maneno ya Zaburi ya 2 kuhusu mataifa yanayofanya ghasia. Muziki huo wa ghasia Bernstein aliutoa kwenye wimbo ulioachwa nje ya West Side Story, igizo lake la magenge ya vijana wa New York.

Je, wajua kwamba Sofia Gubaidulina, mmoja wa watunzi wakubwa wa muziki wa Kikristo wa zama zetu, alikuwa mjukuu wa imamu? Babu yake mzaa baba alikuwa mwanazuoni wa Kiislamu wa Kitatari. Yeye akabatizwa katika Kanisa la Kiorthodoksi akiwa mtu mzima. Alifariki Machi 2025, akiacha nyuma Pasaka na Mateso ya Yohane kwa kwaya mbili na okestra.

Mateso hayo ya Gubaidulina yalikuwa moja ya kazi nne zilizoagizwa pamoja huko Stuttgart, Ujerumani, kuadhimisha miaka 250 tangu kufariki mtunzi Bach. Watunzi wanne, injili nne, mwaka 2000. Tan Dun wa China alipewa Mathayo, akaja na mabakuli 17 ya kioo yenye maji, yamepangwa kwa umbo la msalaba, na waimbaji wanaotakiwa kutoa milio miwili kwa mpigo mmoja kama wafanyavyo Wamongolia. Osvaldo Golijov alipewa Marko. Huyu ni Myahudi wa Argentina, na alisema kwa muziki kile ambacho Amerika Kusini inakijua mwilini: Yesu wake anapita barabarani katikati ya ngoma za Kuba, zile zilizovuka bahari na watumwa kutoka kwa Wayoruba pamoja na miungu yao, na mduara wa kapoeira wa Brazili. Nafasi ya Yesu haina mwenyewe mmoja. Mara anaimba mwanamume, mara mwanamke, mara kwaya nzima. Na msalaba ukishasimama, kazi inafunga kwa Kadishi, dua ya Wayahudi inayosomwa kwa ajili ya marehemu, kwa Kiaramu. Mtoto wa Kiyahudi amekufa, na anaombewa kwa dua ya kwao. Sijui kazi nyingine iliyokumbuka jambo hilo waziwazi namna hiyo.

Twende Sarajevo, na hapa naomba tukae kidogo.

Mji huo wa Bosnia ulizingirwa kuanzia Aprili 1992 hadi Februari 1996. Watu walipigwa risasi wakiwa kwenye foleni ya mkate na kwenye mabomba ya maji. Mwaka 1993 padre Ivo Marković, Mfransisko, aliuliwa baba yake na jamaa zake wengine katika kijiji chao, na waliowaua walikuwa wapiganaji wa upande wa Waislamu. Mwaka 1996, moshi haujaisha, padre huyuhuyu akaanzisha kwaya kwenye kanisa la Mtakatifu Antoni. Aliiita Pontanima, kwa Kilatini, kwa maana ya daraja la roho. Mwalimu wa kwaya alikuwa Josip Katavić.

Waimbaji walikuwa Wakatoliki, Waorthodoksi, Waislamu, Wayahudi na wasio na dini. Kilichokuwa kigumu ni nyimbo, kwa sababu sharti lilikuwa kwamba kila mmoja aimbe za wote. Mkatoliki aliyezika ndugu zake aimbe ilahija, wimbo wa dini wa Waislamu. Mwislamu ambaye mizinga ilikuwa ikimfyatukia kutoka milimani aimbe tenzi za Waorthodoksi wa Serbia. Fikiri kuhusu zoezi la kawaida la kwaya, jinsi linavyokulazimisha: unavuta pumzi na mwenzako wakati mmoja, unafungua mdomo kwa irabu ileile, unamsikiliza alto wa kulia kwako kuliko unavyojisikiliza wewe. Halafu maneno unayoyatamka ni ya wale uliokuwa unawaogopa. Kwaya hiyo imekwenda kuimba mahali ambapo mauaji yalitokea, na makanisani, misikitini na kwenye masinagogi. Haikufuta kitu. Ilichofanya ni kuwaweka watu chumba kimoja, juma baada ya juma, wakiwa na kazi ya kufanya pamoja inayohitaji usikivu.

Jambo la namna hiyo linaendelea Yerusalemu pia. Jerusalem Youth Chorus, iliyoanzishwa mwaka 2012 kwenye jengo la YMCA la mji huo, inawakusanya vijana wa Kiisraeli na wa Kipalestina. Muda wa mazoezi unagawanywa: wanaimba, na wanakaa kuzungumza, wakiongozwa na wasimamizi waliofunzwa kazi hiyo. Naamini hicho kipande cha pili ndicho kinachokifanya cha kwanza kiwe cha kweli.

Turudi Afrika.

Je, wajua kwamba Missa Luba, misa ya Kilatini iliyozungusha jina la Kongo duniani, ilizaliwa Katanga, kunakozungumzwa Kiswahili? Ni Kamina, mwaka 1958. Padre Guido Haazen kutoka Ubelgiji aliwakusanya wavulana na walimu wao, na misa ikatungwa kwa kuimba, bila nota kuandikwa kwanza. Kyrie imeegemea kasala, maombolezo ya Waluba. Sanctus imeegemea wimbo wa kuagana. Hivyo ndani ya Kilatini cha Roma wazee wa Kiluba wanalia msiba wao kwa namna yao. Kwaya ilizunguka Ulaya mwaka huohuo ikaimba kwenye Maonyesho ya Dunia ya Brussels, na miaka kumi baadaye Sanctus ikasikika kwenye filamu ya Kiingereza If.... Miaka ya tisini ilipoingia, Muungano National Choir ya Kenya chini ya Boniface Mganga iliirekodi upya, na rekodi hiyo ndiyo ninayokushauri uianze.

Lakini kwaya ile ya Kamina iliitwa kwa jina la mfalme wa Ubelgiji, na dunia inamkumbuka padre. Wavulana waliobuni mahadhi hawatajwi. Hilo linaniuma, na ninalisema kwa sababu kuazima bila kumtaja mwenye mali hakujaisha hata leo.

Je, wajua kwamba Mwingereza David Fanshawe alisafiri kuanzia mwaka 1969 kutoka Misri, Sudan, Uganda hadi Kenya akiwa na mashine ya kurekodi begani, kisha akazifunga rekodi hizo ndani ya misa? Ni African Sanctus, iliyosikika London mwaka 1972. Kwaya inaimba Kilatini jukwaani huku kanda ikicheza sauti za Waafrika wenyewe: ngoma ya bwola ya Waacholi, mwadhini wa Cairo juu ya Kyrie, sauti za Wamasai na Waturkana. Naipenda kwa kuwa sauti halisi zimeachwa zilivyo. Naiogopa kidogo kwa kuwa wenye sauti hawapo ukumbini kusema neno.

Kati ya rekodi hizo upo wimbo wa mvua alioupata Uganda. Na hapa kuna jambo la kusisimua: miaka 42 baadaye, mwaka 2014, Christopher Tin alimalizia albamu yake ya The Drop That Contained the Sea kwa "Waloyo Yamoni", maneno ya dua ya kuomba mvua ya Walango, vilevile wa Uganda. Mwimbaji kiongozi anatoa mstari, kwaya inajibu, kama ilivyo kawaida ya dua za kuitikia. Anayedhani dini za jadi za Afrika hazina liturujia na asikilize muundo huo: kiongozi, jibu, rudio, nguvu zikiongezeka hadi mwisho.

Je, wajua kwamba mwaka 1963 padre Stephen Mbunga wa Tanganyika alichapisha kitabu kizima kuhusu sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu? Mwaka huohuo, tarehe 4 Desemba, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipitisha hati iliyotaka muziki wa asili wa mataifa upewe heshima katika ibada. Mbunga hakusubiri ruhusa ndipo afikirie. Alikuwa amekwishafikiri, na Misa Baba Yetu ni kazi ya mkono wake.

Je, wajua kwamba wimbo wa taifa la Tanzania ni wimbo wa kwaya ya kanisa? Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni ya Kimethodisti karibu na Johannesburg, aliutunga mwaka 1897 kwa solfa, ileile ya d-r-m tunayoifundisha leo. Sasa uwanja mzima unausimamia, Mwislamu na Mkristo na asiye na dini, na hakuna anayejisikia amegeuzwa. Wa Kenya nao ni dua, na tuni yake ilitoka kwenye wimbo wa kubembelezea mtoto wa Wapokomo wa Mto Tana. Sisi wa Afrika Mashariki tumeimba sala ya pamoja tangu utotoni, mstarini, asubuhi, kabla ya kuingia darasani.

Kuna wanaodhani ibada ya kuimba kwa kundi ni mali ya kanisa. Waende Lamu wakati wa Maulidi, au Unguja wakaone Maulidi ya Homu: wanaume wamepiga magoti kwa mistari, dufu zinaanza polepole, miili inainama na kuinuka pamoja mpaka safu inakuwa mtu mmoja. Waende madrasa yoyote wasikilize watoto wakisoma Asmaul Husna. Tofauti na kwaya ni kwamba kaswida kwa desturi ni sauti moja ya pamoja, siyo nne. Basi mtunzi anayetaka kuzikutanisha anafanyaje bila moja kuimeza nyingine?

Jibu lipo kwenye mvumo. Weka sauti moja ya chini isiyobadilika, ishikwe na besi kwa zamu ili pumzi isikatike, na juu yake utaweza kuweka tenzi za Kigiriki, raga ya Kihindi au mahadhi ya Kiarabu; kila moja itapata pa kusimama, kwa sababu zote zinakubali kuimbwa juu ya sauti inayokaa. Kodi zinazobadilika kila pigo ndizo zinazoleta ugomvi. Mwingereza John Tavener alilijua hili vizuri. Sikiliza Song for Athene, iliyoimbwa kwenye mazishi ya Princess Diana wa Uingereza Septemba 1997: besi wanashika F ile ile tangu neno la kwanza hadi la mwisho, huku juu yao yakipita maneno ya Shakespeare na ya ibada ya mazishi ya Waorthodoksi.

Tavener huyo, je, wajua kwamba aliandika ibada ya usiku kucha? The Veil of the Temple iliimbwa Temple Church, London, Juni 2003. Ilianza saa nne usiku ikamalizika kumekucha, baada ya muda wa saa saba hivi, kwa mizunguko minane, na ndani yake Kigiriki, Kislavoni, Kiaramu, Kisanskriti, tarumbeta ya Kitibeti na duduk ya Kiarmenia. Mwaka 2007 akaja na The Beautiful Names, majina 99 ya Mwenyezi Mungu kwa Kiarabu, iliyoagizwa na Mfalme Charles wa Uingereza alipokuwa bado mrithi wa kiti na kuimbwa katika kanisa kuu la Wakatoliki la Westminster. Nje ya mlango walisimama Wakristo waliopinga. Ndani yaliimbwa majina yote, hadi la mwisho. Mwenyewe alikuwa Mworthodoksi tangu 1977, na alibaki hivyo mpaka alipofariki mwaka 2013.

Je, wajua kwamba Arvo Pärt wa Estonia alipoagizwa kazi ya Istanbul mwaka 2010 alimchagua Adamu, kwa kuwa ni baba wa wote? Adam's Lament iliimbwa katika Hagia Irene, kanisa la kale ambalo halikuwahi kufanywa msikiti. Waothmani walilifanya ghala la silaha.

Je, wajua kwamba kanisa Katoliki la St Mary la Minneapolis liliagiza oratorio kuhusu mauaji ya Wayahudi na kuitoa zawadi kwa sinagogi jirani, Temple Israel? To Be Certain of the Dawn ya Stephen Paulus iliimbwa Novemba 2005 ndani ya kanisa hilohilo.

Na Jonathan Harvey, Mwingereza aliyelelewa kwenye kwaya ya kanisa na kuuelekea Ubudha ukubwani, alipewa maneno ya mwanateolojia Hans Küng kuhusu dini sita. Weltethos iliimbwa Berlin Oktoba 2011. Sehemu sita, dini sita, na kila mara watoto wanaingia na kiitikio. Kwangu mimi mpangilio huo umenyooka kupita kiasi, lakini watoto hao wanaiokoa.

Inayonikaa moyoni zaidi kati ya mpya ni Zabur ya Mohammed Fairouz, Mmarekani mwenye asili ya Kiarabu. Waimbaji wa Indianapolis Symphonic Choir, wengi wao wasiojua Kiarabu, walijifunza zaburi za Daudi kwa lugha hiyo na kuziimba Aprili 2015. Hadithi yake iko ndani ya handaki, katika mji unaopigwa mabomu, na mwandishi aitwaye Daudi anatunga zaburi huku watu waliojificha pamoja naye wakisubiri. Zaburi ni kitabu ambacho Mwislamu, Mkristo na Myahudi wote wanakitaja kwa heshima, na Fairouz hakuhitaji kuchanganya chochote.

Kwa mwalimu wa kwaya anayetaka kuanza: chukua "Baba Yetu", nota zake za sauti nne zinauzwa na Kiswahili utakisahihisha mwenyewe, hasa mkazo. Chukua Sanctus ya Missa Luba kwa ajili ya tenori wako, na uwatajie watoto kwamba ilitungwa na wavulana wa rika lao pamoja na walimu wao. The Armed Man iweke akiba mpaka besi wahimili ule mwanzo wa vishindo bila kupiga kelele. Na wiki kadhaa kabla ya zoezi la kwanza, si siku ya onyesho, nenda msikitini baada ya alasiri, vua viatu, umwombe imamu dakika zake.